Kutoka Upande wa Wezi

Vibanda vitatu vya mbao, vyote vinaita.
Cha kwanza: meli nyeupe, ghorofa mbili,
abiria themanini, choo, kivuli, muziki,
euro arobaini na tano, fukwe nne,
kila ufuo dakika hamsini kwa saa ya nahodha.
Cha pili: boti ya mpira, injini mbili zimebinuka
kama punda wawili wanaoonyesha meno.
Hii, anasema kijana Efisio, haisafiri, inaruka;
mapango sita kabla ya chakula cha mchana.
Cha tatu ni tanga, mvinyo, zeituni bakulini,
na picha ya wachumba waliolala sitahani
hawaangalii chochote.

Mama amevaa viatu vya kanisani.
Ana miaka sabini na mitatu. Ameteremka leo
kona zote zile kutoka Baunei
kwa gari langu, mkono umeng'ang'ania mlango,
na hajawahi kukanyaga kitu kinachoelea.
Kwao huko juu bahari ilikuwa ukuta wa buluu
nyuma ya mbuzi, kitu cha kupewa mgongo.
Ajaye kwa bahari huja kuiba, walisema,
wakajenga mbali, wakaezeka mazizi kwa magogo ya mreteni.

Mimi nahesabu. Natoa karatasi, nalinganisha:
bei kwa saa, bei kwa pango,
kama wana ngazi ya kushukia majini,
kama wanarudisha pesa maestrale ikivuma.
Nimeishi Torino miaka ishirini,
ndiko nilikofunzwa kupenda
kwa jedwali.

Mama anawauliza wote swali moja:
"Mnakwenda mbali kiasi gani?"
Mpaka Mariolu, wanasema. Mpaka Goloritzé.
"Sisemi hivyo. Mbali na nchi kavu."
Wanacheka kwa adabu. Bibi, uzuri uko ufuoni,
huko nje hakuna kitu, ni maji tu.

Mwisho wa gati mwanamke anakumba maji ya boti
kwa kopo la rangi. Hana kibanda,
hatembezi chochote. Anaitwa Assunta,
mabega yamemwiva kwa jua.
Anasema kabla hajaulizwa: benchi la nyuma hulowa,
choo hakuna, injini ni ya marehemu mjomba
na imerithi tabia zake.
Mama ananiminya kiwiko. Ameuza jibini tangu sijazaliwa;
muuzaji anayekuonyesha kwanza ufa
ndiye utakayerudi kwake.

"Mbali kiasi gani?"
"Mpaka useme basi."

Tumelowa, kama tulivyoahidiwa.
Fukwe zinapita, nyeupe, zimejaa miavuli
na watu wa meli ya ghorofa wakiitafuta saa ya nahodha.
Mama hazitazami. Anatazama nyuma, juu,
shingo imekaza, mpaka miamba inajishusha,
mpaka nyuma ya miamba unainuka mlima
ambao ukiwa chini yake huuoni,
na nyuma yake mwingine, wa kijivu, wa zambarau,
na kwenye ukingo kabisa,
dogo kama punje ya samadi ya mbuzi,
zizi la babu, alimozaliwa.

"Basi."

Assunta anazima injini. Injini inakohoa mara moja,
kisha inakubali. Maji yanagonga ubavu wa boti
kama mtu asiye na haraka ya kufunguliwa.
Natoa simu nipige picha. Nairudisha mfukoni.
Karatasi yangu imelowa, bei zimeingiliana.
Mama amekaa wima, viatu vya kanisani
vimezama mpaka kwenye vifungo,
anaitazama nchi yake
kutoka upande wa wezi.

Halafu anacheka, kwa pua tu,
kama anavyocheka mbuzi akimshinda akili.
"Walikuwa na haki," anasema.
"Hata mimi ningekuja."

Assunta anampa kopo la rangi.
Anaanza kukumba.