Safu ya Mwisho

Baba alikuwa fundi wa boila, karakana ya reli;
mchana kutwa aligonga vyuma visivyomjua kwa jina.
Jioni, Makongeni, nyumba ya chumba kimoja na pazia,
alinawa kwa sabuni ya mche hadi viwikoni
ndipo avute sanduku la bati mvunguni mwa kitanda.

Injini tatu. Mabehewa kumi na moja.
Reli zilizofungwa gazetini, pingili kwa pingili, kama miwa.
Ya kwanza alipewa na Bwana Menezes, karani wa tiketi,
wiki aliyofunga virago kwenda asikokujua:
"Mulandi, mikono yako haitetemeki."

Akanunua daftari. Mali bila daftari,
alisema, na hakumalizia; sote tulijua inavyoisha.
Akachora safu kwa rula ya mbao:
Tarehe. Kitu. Kutoka kwa nani. Bei. Kasoro.
Na ya mwisho, nyembamba, ukingoni mwa karatasi:
Kwenda kwa nani.

Kasoro aliziandika zote, kama mtu anayeungama.
Injini ya pili: "Rangi si yake. Nimepaka mwenyewe,
nyekundu iliyoiva, masalio ya mkebe wa kazini."
Behewa la maziwa: "Gurudumu moja ni kifungo
cha koti la Mama Ndinda. Anajua."
Behewa la abiria, lenye mapazia ya karatasi:
"Limeanguka. Mtoto hakuumia."

Mtoto ni mimi. Nilikuwa na miaka saba.
Bati lilibonyea kwenye kona, na shimo lile
leo linatosha kidole gumba changu barabara.

Mwezi wa tatu tangu tumzike, nikabeba sanduku
hadi Ngara, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa,
kwa Bwana Harshad, mpima vitu vya kale.
Alivaa kioo jichoni. Hakuwa mtu mbaya.
Aligeuza kila kitu tumbo juu, kama daktari wa watoto,
midomo ikihesabu kwa Kigujarati.
"Boksi lake liko wapi?"
Boksi tulikolezea moto, mwaka mkaa ulipoadimika.
"Boksi tupu, mama, lingeishinda injini kwa bei."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Rangi: nusu ya bei ikaondoka.
Kifungo: robo ya iliyobaki.
Akafika kwenye behewa la abiria,
akapitisha ukucha pale palipobonyea.
"Limeanguka," akasema.
Nikangoja amalizie.

Kisha akaliona daftari.
"Na hilo, naongeza elfu tano."
Nikafunga sanduku. Nauli ya kurudi nilikuwa nayo.

Kuna binti nyumba ya mkabala, Moraa,
anayefungua redio za watu na kuzirudisha zikiimba.
Nilimwambia anawe mikono; sikumwambia hadi wapi.
Alirudi na viwiko vinachuruzika maji.
Hakuuliza ni za mwaka gani, wala bei.
Aliuliza, "Inakula stima kiasi gani?"

Tukatandaza reli sakafuni, mataruma yakigusana,
kupita mguu wa stuli, kuzunguka mtungi wa gesi.
Akasugua nguzo za waya kwa msasa, akapuliza, akawasha.
Injini nyekundu isiyo nyekundu yake
ikasita, ikakohoa, ikaenda.
Mara ya kwanza. Mara ya pili, kifungo cha Mama Ndinda
kikichechemea nyuma, taka, taka, taka.
Mara ya tatu mita ikalia ukutani,
tokeni zikaisha, nyumba ikazama gizani.

Hatukusema kitu.
Nilimsikia akipapasa sakafu,
taruma moja, taruma lingine,
hadi kiganja kikatua.
"Bado ina joto," akasema.

Daftari lilikuwa magotini pangu, na penseli.
Sikutafuta kiberiti.
Asubuhi nikaona jina lake limepinda,
limeuvuka mstari wa rula,
na herufi ya mwisho imeishia mezani.