Arubaini ya Kitatange

Kutwa nipo Barka, naitoa bahari chumvi
mpaka inyweke Maskati nzima.
Jioni narudi Mabela, navua viatu,
natia chumvi kwenye ndoo ya maji matamu,
nakoroga kwa mwiko wa wali.
"Kazi yako na pumziko lako," anasema Mama,
"havijapata kuonana hata siku moja."

Kitatange yumo mfukoni,
anaelea juu ya maji asiyoyajua bado.
Nimempakata toka Sib, kiyoyozi cha gari
nimekielekeza magotini,
nje nyuzi arubaini na sita, lami inatoka jasho.
Biju wa dukani alikaza mpira mara mbili, akanambia:
usimmwage kwa pupa. Samaki hafi kwa maji mabaya tu,
hufa pia kwa maji mazuri yaliyomjia ghafla.

Basi namweka kwanza na maji yake ya zamani,
nashusha mrija mwembamba nilioupiga fundo.
Tone.
Tone.
Kama dripu wodini.
Kila tone linamletea habari ndogo:
huku chumvi ni hivi,
huku joto ni hivi,
huku tunaishi hivi.
Matamvua yanamwenda mbio. Nimechutama
saa nzima juu ya vigae, goti linanilaani.
Kisha namchota kwa bakuli, namhamisha,
na maji ya safari nayamwaga chooni.
Hayo hayaingii nyumba mpya.

Nyumba yenyewe vioo vine na sponji inayobubujika,
na kipande cha bomba alichosahau fundi.
Hamna tumbawe. Hamna jirani.
Mzazi ana arubaini yake, ndani, na maji ya moto;
maiti ana yake, na ubani;
za mwizi nazo zinajulikana.
Leo nimeanza kuhesabu za samaki, ukutani, kwa penseli.

Ubavuni ana baka la manjano.
Muzna kaweka kidole kwenye kioo: "Baba, ramani!"
Kweli, ukiinamisha shingo ni Afrika,
imevimba kidogo upande wa Pwani.
Mama hakuinuka kuja kuiona.
"Riale kumi na nane," alisema, "na haliwi."

Wala hali.
Siku ya kwanza, kamba niliyemkatakata kama kucha za mtoto,
nikamchovya kwenye maji ya kitunguu saumu:
vipande vilizama, nikavifyonza kwa mrija
visije vikaoza vikawa sumu.
Ya pili vilevile.
Ya tatu nikabana jani la mwani kiooni kwa kibanio cha nguo,
nikavuta kiti, nikakaa nikimwangalia.
Alikuwa ndani ya bomba. Mkia tu nje.

Usiku, saa nane, naamka kwenda kumtazama tena,
namkuta Mama sebuleni, gizani,
na tangi lote limevishwa kanga yake ya zamani.
"Unamtolea macho," alisema. "Nani atakula akitolewa macho?"

Nilidhani amemaliza.

"Mwaka sabini na tatu, nyumba ya ami yako, Ruwi.
Walikaa duara mkekani, wakubwa kwa wadogo,
sinia katikati, wote wananingoja mimi nimeze.
Kiarabu changu kilikuwa cha kusalia tu,
hakikuwa na neno la 'acheni.'
Nilikula siku ya nne,
walipokwenda harusini wakanisahau."

Akajifunga mtandio, akaenda kulala.

Alfajiri, kabla ya basi la kazini,
niliinua pindo la kanga, kidole kimoja tu.
Jani la mwani limeng'atwa ukingoni,
mahali padogo, kama mwezi mwandamo.
Nikalirudisha pindo. Nikatia alama ukutani.

"Kala?" Mama aliuliza toka jikoni.
"Sijui," nikasema, natafuta viatu.
"Simtazami."