Goti la Kushoto

Karatasi ni ya buchani, ile ya kufungia nyama,
imechanika pembeni, ina duara la kikombe cha chai.
Shangazi Drahomíra aliigongomea ukutani kwa misumari minne
majira ya baridi yale bomba la nyumba lilipopasuka
na Bystrík, fundi bomba, akaja na mkoba wake wa vyuma.

"Simama hapo hapo," akamwambia. "Usiutue mzigo."

Hivyo ndivyo Vavro Skalník alivyopata magoti.

Wanaomsimulia huku milimani husema
aliibeba kengele ya kanisa mgongoni, usiku,
akavuka mto ulioganda
askari wasije wakaiyeyusha iwe mzinga.
Wengine husema barafu ililia chini yake hadi ng'ambo.
Bibi yangu alishikilia kuwa iliyolia ni kengele,
mara moja tu,
na mbwa wote wa bonde wakanyamaza.
Hakuna asemaye kwamba magoti yalimuuma.

Shangazi alilichora goti la kushoto mara sita.
Yote sita yapo, moja juu ya jingine,
mkaa umefutwa kwa kipande cha mkate, ukarudi, ukafutwa,
hata mguu unaonekana kama unatetemeka.
Pembeni, mwandiko wake wa haraka:
uzito huanzia kisigino.
Na chini yake: nunua vitunguu.

Uso hana. Yai tu, na mistari miwili iliyokatana.

Kamati ikaja, wanaume watano, kofia mapajani.
Mbona ameinama? Upanga wake uko wapi?
Shangazi akawamiminia chai.
"Mwenye kengele mgongoni," akasema,
"upanga ataushika kwa meno?"

Kisha kiwanda kikafungwa, na fedha za kununulia shaba
zikaenda ziendako fedha.
Jukwaa la mawe lilikwisha kujengwa pale uwanjani.
Lingali tupu. Watoto hulikalia wakila aiskrimu,
wapenzi huambiana, "Tukutane kwa Vavro,"
na hukutana, hapotei mtu.

Mimi karatasi naiweka chini ya kitanda, imelazwa, haikukunjwa.
Nikiitoa, mkaa hunishika vidoleni.
Kila mwaka anapungua kidogo, anahamia kwangu.

Jana nilimwona Bystrík, mzee sasa,
akipita kando ya jukwaa na mkoba ule ule,
bega moja chini.
Kwenye barafu akasita,
akautanguliza mguu wa kushoto.