Macho Mawili

Mbarouk Faki wa Limbani aliileta laptopu
mwezi wa Mfunguo Tano, haichaji,
akasema ataipitia Jumatano.
Zimepita Jumatano kumi na nne.

Nilibadilisha tundu la chaja, nikaiwasha kuijaribu
hapa dukani, Wete, nyuma ya soko,
na katikati ya mafaili ya hesabu za magunia
palikuwa na ubao mtupu, mistari tisa kwa tisa,
na mchezo wenye jina fupi kama kikohozi:
Go.

Mimi mtu wa bao.
Nimezoea kete zinazotembea,
zahama shimo kwa shimo, zachoka, zalala.
Hapa jiwe likishatua halisogei.
Linakaa pale pale ulipokosea
likikutazama mpaka mwisho.

Nilichagua daraja la chini kabisa,
la watoto, nadhani,
na mashine ikanila
kama mtu anavyokula njugu huku anaongea na simu.

Barazani ukifungwa utazomewa,
mtu atapita na kikombe cha kahawa
aulize kama kwenu mlifundishwa kuhesabu.
Mashine haisemi kitu.
Inangoja tu, kitaa chake cha buluu kikipepesa,
na ule ukimya, wallahi,
unauma kuliko kuzomewa.

Nikaanza kuandika kwenye daftari la wateja,
chini ya vioo vilivyopasuka na betri zilizovimba:
Nimefungwa.
Nimefungwa.
Nimefungwa kwa thelathini na mbili.
Umeme umekatika, lakini nilikuwa nafungwa.
Nimefungwa, nilikuwa na njaa.

Polepole nikajua kila jiwe lina pumzi zake,
ukilizingira pande zote linakata roho.
Kundi lenye macho mawili haliuliwi.
Lenye jicho moja ni maiti anayesubiri tangazo.
Langu, la kona ya kushoto, lilikuwa chongo.
Nikalipenda, nikaliita kengeza,
nikaliongezea jiwe, na jingine, na jingine,
nikafuga maiti hadi saa sita ya usiku.

Shaame, anayejifunza ufundi kwangu, akauliza:
"Fundi, inakulipa hiyo?"
Nikamwambia arudi kwenye risasi yake, inaungua.

Mchezo wa themanini na tisa
niliiacha kona ife.
Niliiacha tu, kama unavyosamehe deni
la ndugu ambaye hatalipa,
nikaenda kujenga upande wa pili.
Mashine ikapita zamu. Nami nikapita.
Ikahesabu.
Nimeshinda kwa nusu.
Nusu ya nini, sikujua, na sikuuliza.
Nilitoka nikanunua muhogo wa kuchoma,
nikala nimesimama, mkono unatetemeka.

Usiku ule nikafungua kumbukumbu za mchezo
nione nusu yangu ilivyoandikwa,
na kabla ya zangu zikawepo zake:
Mbarouk, mara mia mbili na kumi na nne,
saa nane ya usiku, saa tisa, alfajiri ya Idi,
daraja lile lile la chini,
na hakushinda hata mmoja.
Nikaurudia wa mwisho, jiwe kwa jiwe.
Naye alikuwa anafuga chongo.
Kona ile ile.

Jumamosi akaja dada yake, Mgeni,
na risiti iliyokunjwa mara nne.
Kaka yuko Maskati, akasema,
kuna mtu anasafiri, atampelekea.
"Anaitaka kwa kazi?"
"Kazi gani! Anasema kuna mchezo ndani."

Akahesabu elfu kumi na tano mezani.
Neno lilinifika kwenye ulimi:
mwambie aiache ile kona.
Nikafunga zipu ya mkoba,
nikaandika daftarini: Imetoka. Inachaji.

Ile nusu sikuifuta.