Nukta Hamsini

Chavakali ilikuwa imetoka kunyeshewa.
Viatu vyangu vilichora njia nyekundu
hadi mlango wa uhasibu. Bi. Mmbone akaitazama,
akanyamaza, akanisogezea gunia.
"Wewe ndiye fundi wa Kisumu?" Ndiye mimi.
"Printa ni ile. Afya inayo. Shida yake ni ujirani."

Miaka saba ilifungwa kwa waya mfupi
kwenye kompyuta moja, kama mbuzi kwenye kigingi.
Mwalimu akitaka kuchapa mtihani
alikuja na flashi ikining'inia shingoni,
akapiga foleni nyuma ya risiti za karo.
Mwezi wa Machi panya akaula waya,
kompyuta ikabaki ikiandika, kwa subira ya ajabu:
haipatikani, haipatikani.

Nikapitisha kebo juu ya dari, kwenye popo
na daftari la mahudhurio la mwaka fulani.
Nikabana nyaya nane katika ncha moja,
chungwa, kijani, buluu, kahawia,
kila rangi na pacha wake mwenye milia.
Swichi ikapepesa jicho.

Sasa anwani.

"Anwani?" Bi. Mmbone akacheka. "Kwetu mgeni huambiwa:
panda, pita kanisa la Marafiki,
ukisikia mashine ya posho ujue umepotea, rudi.
Nyumba hazina namba, na hakuna aliyelala nje."
Nami nikaiandikia mashine namba isiyohama:
mia na tisini na mbili, nukta,
mia na sitini na nane, nukta,
moja, nukta, hamsini.
Ukiiachia ijichagulie, kesho itaamka na nyingine,
watu wabishe hodi kwenye nyumba tupu.

Nikaketi kwenye kiti cha Bwana Manasse Kisia,
mhasibu wa zamani. Takia bado lilikuwa na bonde lake.
Alistaafu? niliuliza.
"Tulimzika Aprili," akasema,
akaanza kuhesabu sarafu alizokwisha kuhesabu.

Nikafungua mipangilio. Nikaufuta mlango wa kale,
nikaweka mpya: nukta hamsini.
Sikuwa nimebonyeza chochote cha kuchapa.

Ikakohoa.
Ikavuta karatasi.
Kwanza risiti, kumi na nne, za Machi tarehe sita,
za karo iliyolipwa na kusahauliwa.
Kisha orodha ya maharagwe: magunia mangapi, nani kaleta.
Kisha kimya, taa ya kijani ikiwaza.
Kisha ukurasa mmoja, kwa herufi kubwa
za mtu aliyekataa kununua miwani:

*Kwa Mwalimu Mkuu. Kuh: Printa.
Naomba iunganishwe na mtandao wa shule
walimu waitumie bila kunisubiri,
maana sitakuwepo siku zote.
Pia, waya umeanza kuliwa na panya.*

Barua ya kuomba njia
ilikosa njia ya kupitia.
Ilikaa gizani miezi mitatu, ya mwisho kwenye foleni,
ikimwachia kila gunia la maharagwe atangulie.

Bi. Mmbone aliisoma akiwa amesimama.
Hakulia; msinitafutie hapo machozi.
Alitoa muhuri wa *Imepokelewa*,
akazungusha tarehe hadi ya leo, akagonga juu kulia,
akaongeza kwa kalamu: *Imetekelezwa.*
"Hakutia sahihi," nikasema.
"Angetia wapi?" Akaitoboa, akaifunga kwenye faili.

Mashine ikalia tena. Safari hii ni mtihani wa kemia,
kutoka chumba cha walimu ng'ambo ya uwanja,
na mwenyewe hata hakuinuka kitini.
Bi. Mmbone akazipanga karatasi, kingo kwa kingo, akanigeukia.

"Na ile kebo yako huko juu," akasema,
"panya hawaijui?"

Nikatazama dari.
Bado, nikajibu.