Soksi za Mpera

Mwaka jana nilipasua mapera arobaini,
yote funza.
Nzi yule hana haya: hutaga, huruka zake,
malezi akuachie wewe.

Safari hii nimepanda ngazi na karai la soksi
zilizopotelewa na wenzake, za Omuga.
Kila pera nimelivika yake,
nikakaza shingo kwa uzi wa gunia.

Nerea kachungulia juu ya ua:
“Mti wako unaenda shule?”
Migosi nzima ikacheka. Nami pia.

Leo nimeminya ile yenye namba 214
niliyoitarizi kwa uzi mwekundu
kabla hajaenda bweni.
Kisigino kimejaa.
Nikalegeza uzi, nikanusa,
nikafunga tena.

Bado wiki mbili
shule zifungwe.