Keekee ya Barafu

Halldóra amevuta kamba mara kumi na moja.
Injini inakohoa, inanyamaza
kama mdeni aliyekumbushwa.

Nampigia kelele kutoka kibandani: choki!
Ananitazama tu.
Choki ameshaivuta, plagi ameshaing'oa,
imelowa, nyeusi kama jino bovu;
ameifuta kwa pindo la koti, akaipasha joto kwapani.
Ziwa Winnipeg, baridi ya kupasua midomo.

Bado.

Ndipo anafungua tangi, ananusa.
Petroli imechacha.
Kila Aprili Ketill aliimwaga hadi tone la mwisho,
akapaka visu mafuta, akavivika soksi kuukuu.
Aprili iliyopita sote tulikuwa matangani.

Anaimimina koponi, taratibu.
Hamwagi.
Anakaza kifuniko, anakificha kopo
chini ya sanduku la chambo.

Petroli mpya, oili kidogo, anatikisa.
Vuta.
Vuta tena —
moshi wa buluu, kisha ngurumo,
na visu vinakula barafu futi tatu
mpaka maji meusi yanapanda na kulowesha buti.

"Kumbe u mzima, mjeuri wewe," anaiambia,
sauti imekatika katikati.

Mimi nina ndoana ya kufungua,
na fundo haliishi.